Chaguo la Pili

Fomu ilikuwa na kurasa nne, na fundi cherehani aliisafishia meza ya kukatia vitambaa kana kwamba anapokea mgeni wa heshima. Aliondoa mkasi, chaki na futi ya kupimia, akafuta vumbi la nyuzi kwa kiganja, kisha akamwambia mwanawe aketi. Shirika la usafirishaji lilitangaza nafasi ishirini na nne za mafunzo: kumi za udereva wa treni, sita za ufundi wa njia ya reli, nane za ukarani wa makontena bandarini. Mafunzo yalikuwa ya miezi kumi na minane, malazi na posho juu ya shirika. Mwombaji asizidi umri wa miaka ishirini na moja. Kijana alikuwa na ishirini na miezi minane. Tangazo la mwaka ujao lingemkuta mzee.

Nyuma ya kiti alisimama mjomba wake, mikono mgongoni. Alikuwa amekagua tiketi ndani ya treni kwa miaka ishirini na mitatu kabla ya kustaafu, na aliizungumzia reli kama mtu aliyeizaa. Yeye ndiye aliyeanza kumwita mpwa wake Dereva, asubuhi ile ile tangazo lilipobandikwa. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umelipokea jina hilo, na mwenye duka la pembeni alikwisha kuuliza kama siku hizi kijana akipita inabidi amfungulie njia.

"Chaguo la kwanza, udereva wa treni," kijana alisoma huku akiandika. "Chaguo la pili..."

"Acha wazi," mjomba alisema.

"Mbona wameweka nafasi, Mjomba?"

"Wameweka mtego. Wewe ukienda kuposa, utawaambia wazee wa watu kwamba wakikunyima huyu utamchukua mdogo wake?"

Kijana akacheka. Fundi, mama yake, naye akacheka, ingawa hakutaka.

"Kaka, kuposa na kuomba kazi ni vitu viwili."

"Dada, hawa watu nimeishi nao. Wanamtaka mtu anayejua anachokitaka. Na huyo karani wa makontena ni nani? Ni mtu wa kusoma maandishi kwenye masanduku ya wenzake. Acha wazi, Dereva."

Chaguo la pili likabaki jeupe.

Ukurasa wa tatu ulikuwa wa cheti cha afya: moyo, kifua, masikio, macho. Chini ya macho palikuwa na mstari mmoja mfupi, Uoni wa rangi, lazima kwa waombaji wa udereva. Kijana aliupita kama alivyoipita mingine, kwa kuwa sehemu hiyo ilikuwa ya daktari. Mama yake, aliyekuwa akisoma juu ya bega lake, hakuupita. Mkono wake ulibaki umeshika mgongo wa kiti.

"Kuna nini, Mama?"

"Hakuna kitu. Endelea kuandika."

Alingoja kijana aende kupeleka fomu ikagongwe muhuri, ndipo akamvuta kaka yake hadi mlangoni.

"Hataipita hiyo ya macho."

"Anaona vizuri kuliko mwewe, huyo."

"Anaona, ndiyo. Ila nyekundu, kijani na kahawia kwake ni ndugu wa tumbo moja. Hajui kuwatenganisha."

Alijua tangu mtoto ana miaka sita. Siku hiyo alimtuma uzi wa kijani, akamletea wa kahawia. Akamtuma tena, akarudi na wa kahawia mwingine, uso umejaa imani. Fundi hakumwambia mtu. Kesho yake alizipanga upya roli zote za nyuzi ukutani, kwa mpango ambao haukubadilika tena, na tangu hapo aliacha kutaja rangi. "Niletee ya tatu kutoka dirishani," alisema. "Niletee ya tano, mstari wa chini." Wateja waliusifu utaratibu wake. Mtoto akakua bila kukosea hata mara moja.

Mjomba alikuna kidevu. Hakuonekana mtu aliyeshindwa.

"Hilo tu? Dada, kipimo chenyewe ni kijitabu. Kina kurasa zenye madoa, na ndani ya madoa kuna namba. Ni kijitabu kile kile tangu enzi zangu. Kitu kisichobadilika kinakaririka."

*

Siku ya pili mjomba alirudi na bahasha kwapani. Rafiki yake mmoja, mhudumu wa kliniki ya shirika, alikuwa amemtolea fotokopi ya kijitabu kizima, kurasa ishirini na nne, na nyuma ya ukurasa wa mwisho ameandika majibu yote kwa kalamu. Mjomba alizitandaza karatasi mezani kwa fahari.

"Haya, fundi wa macho makali. Hapa pana namba gani?"

Fundi aliinama. Aliona duara lililojaa madoa, makubwa kwa madogo, yote ya kijivu. Akaipeleka karatasi dirishani, akaigeuza huku na huku.

"Sioni kitu."

"Utaonaje wakati huvai miwani?" Mjomba akavaa yake, akatazama, akaivua, akaifuta kwa shati, akavaa tena. "Mbona nami sioni?"

"Kaka, umetoa nakala ya rangi kwa mashine isiyo na rangi."

Wakatazamana. Kisha, bila kupanga, wote wawili wakazirudia zile karatasi na kuzikodolea macho kwa bidii, kama watu wanaotafuta sindano sakafuni. Walikuwa bado wameinama kijana aliposema kutoka mlangoni:

"Mkikosa, karibuni upande wangu."

Hakuna aliyejua alisimama pale kwa muda gani. Aliingia, akachukua karatasi moja, akaitazama, akairudisha.

"Ni ya kupima rangi hii, sivyo?"

"Ulikuwa unajua?" mama yake aliuliza.

"Mama, penseli zangu za rangi zilikuwa na namba zilizochongwa kwa wembe. Za wenzangu hazikuwa nazo."

Fundi aliketi. Alikuwa amezichonga namba zile mtoto akiwa amelala, na kwa miaka yote hiyo aliamini kwamba siri ni yake peke yake.

"Sasa nyie mlitaka kufanya nini na karatasi hizi?" kijana aliuliza.

"Kusoma," mjomba alijibu. "Mtihani husomewa."

"Huo si mtihani, Mjomba. Huo ni udanganyifu."

"Udanganyifu ni kuiba. Wewe unaiba nini? Miguu unayo, akili unayo, cheti unacho. Wakunyime kazi kwa sababu ya madoa?"

Kijana alimgeukia mama yake. Alikuwa na miaka miwili tangu amalize shule. Alikwisha kuomba kazi sehemu kumi na moja, na sehemu tisa hazikujibu. Fundi aliiona ile namna alivyosimama, bega moja limeshuka, kama mtu aliyezoea kungoja nje ya milango. Akachagua.

"Pita kwanza, mwanangu," alisema. "Ukishakuwa ndani, tutajua la kufanya."

Kwa siku tatu alimfundisha huku akishona. Mguu ulikanyaga pedali, naye akauliza bila kuinua kichwa: ya kwanza? Sabini na nne. Ya pili? Tano. Ya tatu? Arobaini na mbili. Cherehani ilitoa mdundo na kijana akaufuata. Jioni ya siku ya tatu alizitaja zote mara mbili mfululizo, na mjomba akapiga makofi peke yake.

*

Cheti cha afya kilitaka mzazi athibitishe magonjwa ya ukoo. Waombaji wengine walileta barua zilizotiwa saini. Fundi hakuwa na imani na barua. Alivaa gauni lake la kitenge, akafunga kilemba, akaenda mwenyewe, na kwenye korido ya kliniki akawa mama pekee katikati ya vijana thelathini.

"Huyu akipewa treni, mama yake atakaa wapi?" mmoja aliuliza, si kwa sauti ya chini.

"Atakaa kwenye honi!"

Korido ikacheka. Kijana alitazama sakafu. Alipoitwa aliinuka haraka kuliko ilivyohitajika, akapotea nyuma ya pazia la chumba cha macho. Pazia lilikuwa fupi kwa shubiri nzima na limeshonwa upindo wa ovyo. Fundi aliona viatu vya mwanawe chini yake.

Pembeni yake kwenye benchi aliketi mwanaume wa makamo mwenye koti la bluu la shirika, kofia imetulia gotini.

"Ni mwanao?" aliuliza.

"Wa pekee. Anaomba udereva. Na wewe, mgonjwa?"

"Hapana. Mimi ni dereva wa treni za mizigo. Kila mwaka hutuita kutupima macho. Mwaka wa kumi na nane huu."

Fundi aliitafuta njia ya kuuliza, akaona bora aulize moja kwa moja.

"Hizi rangi ni za lazima sana? Nyekundu si ina mahali pake, na kijani mahali pake? Mtu akijua ya juu ni ipi na ya chini ni ipi, si inatosha?"

"Zamani ingetosha," dereva alisema. "Siku hizi taa ni moja. Inabadilika rangi pale pale."

"Pale pale?"

"Pale pale. Sikiliza, mama. Treni haina usukani. Sina pa kuikwepeshea. Nina mambo mawili tu, kwenda na kusimama, na nikiwa na mzigo kamili kusimama kwenyewe kunakula kilomita nzima. Anayeniambia nifanye lipi ni taa hiyo moja, kwa mbali, ndogo kama kifungo cha shati. Mvua ikinyesha huioni nguzo wala huioni njia. Unaona rangi basi."

"Na ukikosea?"

"Sijawahi." Aliigeuza kofia yake gotini, ikaenda mzunguko mzima. "Mwenzangu aliwahi, mara moja."

Akaivaa kofia, akaishusha hadi kwenye nyusi.

Nyuma ya pazia sauti ya daktari ilisema, "Huu?" na sauti ya kijana ikajibu, "Sabini na nne." "Huu?" "Tano." "Na huu?" "Arobaini na mbili." Majibu yalikuja kwa kasi na kwa mdundo. Ulikuwa mdundo wa cherehani yake. Fundi aliutambua kama mtu anavyotambua hatua za mtu wa nyumbani kwake. Daktari alisema, "Vizuri sana." Wa saba, wa nane, wa tisa. Kila jibu lilikuwa sahihi, na kila jibu lilimsogeza fundi karibu zaidi na ukingo wa benchi. Alikuwa amempangia mwanawe nyuzi, akampangia penseli, akampangia na namba hizi. Hakuwa na ukuta wa kumpangia taa ile. Wa kumi na tano. Wa kumi na sita. Baada ya wa ishirini na nne kungefuata muhuri.

Kwenye wa kumi na saba fundi alisimama, akalisogeza pazia.

"Daktari, samahani. Mpime tena. Fungua popote, usifuate mpango."

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mwenye miwani minene kama chupa. Alimtazama fundi kwa juu ya miwani hiyo.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Mama!" kijana alisema. Koridoni vijana walinyoosha shingo.

Daktari alifungua kijitabu katikati, akaiziba namba ya ukurasa kwa kidole gumba. "Hapa pana nini?"

Kijana alitazama kwa muda mrefu.

"Madoa."

"Na hapa?"

"Madoa, daktari."

Daktari akakifunga kijitabu. "Umezikariri zote?"

"Zote."

"Nitajie. Anza na ya mwisho, uje mwanzo."

Kijana hakuelewa kama anapimwa au anaadhibiwa, lakini alizitaja, kutoka ya ishirini na nne hadi ya kwanza, polepole safari hii, bila mdundo wa mtu. Daktari alifuatilia kwa kidole. Alipomaliza, daktari aliegemea kiti.

"Wanaokuja wamekariri ni wengi. Wote hukwama kwenye ukurasa wa tisa. Wewe umezibeba kwa siku ngapi?"

"Tatu."

"Hm." Alivuta cheti, akashika kalamu. "Nikiandika kwamba ulijaribu kunidanganya, hupati hata kazi ya kufagia kituo. Nikiandika nilichokiona, nitakuwa nimeandika kweli, maana mwishowe umeniambia unachokiona. Uoni wa rangi, si kamili. Hafai udereva." Akagonga muhuri. "Chaguo lako la pili ni lipi?"

"Sikujaza."

"Kwa nini?"

Mama na mwana walitazamana kwa mara ya kwanza tangu pazia lisogezwe.

"Mjomba alisema ni kama kuposa," kijana alijibu. "Humuulizii na mdogo mtu."

Daktari alicheka hadi akaivua miwani. "Basi mwambie mjomba wako wengine wetu tumeolewa hivyo hivyo, na tumetulia. Dirisha namba tatu. Wanafunga saa sita."

*

Ilikuwa saa tano na nusu. Kijana alitangulia kuvuka uwanja, hatua ndefu, na mama yake akamfuata bila kumwita. Vijana wa koridoni hawakuwatania. Walijibanza ukutani kuwapisha, kama watu wanaopisha jeneza.

Katikati ya uwanja kijana alisimama.

"Miaka kumi na minne hukusema, Mama. Ukachagua leo, mbele za watu."

"Ndiyo."

"Ungeniambia mimi."

"Ningekuambia wewe, ungeacha?"

Alifikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya, ndiyo maana mafunzo ya siku tatu yalimchosha kuliko kazi.

"Nisingeacha."

"Nilichelewa, mwanangu. Hilo ni kosa langu, na sitalipunguza. Lakini kulikuwa na dereva pale nje, akanieleza ile taa."

Kijana alimtazama mama yake usoni, akaona kilemba chake kimelegea, akaondoa macho.

"Ngoja hapa," alisema kwa sauti iliyopungua. "Hili nitakwenda mwenyewe."

Fundi alibaki kwenye kivuli cha ukuta, hatua kumi kutoka dirisha namba tatu. Alisikia kila neno, maana mpokea fomu aliongea kama mtu anayelipwa kwa sauti.

"Fomu ikishagongwa muhuri haiguswi! Kanuni."

"Kanuni inasema haibadilishwi, kaka. Nimeisoma, ipo ukurasa wa kwanza. Mimi sibadilishi. Pale pako wazi, hakuna cha kufuta."

Karatasi zikafunuliwa.

"Kwa nini uliacha wazi?"

"Kwa ushauri mbaya."

"Wa nani?"

"Wa watu wanaonipenda."

Mpokea fomu alimwita mkuu wake, mkuu akaja na kikombe cha chai, akasoma cheti cha afya, akasoma fomu, akamtazama kijana.

"Kwa hiyo bandari kwako ni makombo ya reli?"

"Jana ningesema ndiyo, mkuu."

"Na leo?"

"Leo sijui. Sijawahi kuipa nafasi."

Mkuu alikunywa chai. "Mpe kalamu," alisema, akaondoka.

Kijana aliandika akiwa ameinamia dirisha, na kwa mara ya kwanza mama yake hakuwa na bega la kusomea juu yake. Mpokea fomu aliichukua fomu, akaigonga muhuri mwingine pembeni ya ule wa kwanza, akaandika kwenye kipande cha karatasi.

"Usaili wa makarani ni Jumatatu, saa mbili, geti namba nne. Wanaoomba ni arobaini na sita. Watakusimamisha getini, makontena yanapita juu ya malori, wewe unasoma na kuandika. Herufi nne, tarakimu saba. Ukikosea moja, mzigo wa mtu unakwenda kwa mtu mwingine. Ukikosea tatu, unakwenda kwenu."

"Yanapita kwa mwendo gani?"

"Mwendo wa mtu anayekimbia basi."

"Na unaruhusiwa kurudia kutazama?"

"Lori halirudi nyuma kwa ajili yako, ndugu yangu."

"Sawa," kijana alisema, na fundi, aliyeijua sauti ile tangu inajifunza kusema, alisikia ndani yake kitu ambacho hakikuwamo kwa siku tatu za sabini na nne, tano, arobaini na mbili. Alikuwa ana hamu.

Walitoka lango kuu wakiwa sambamba.

"Mjomba atasemaje?" kijana aliuliza.

"Atasema karani ndiye anayeishikilia bandari nzima, na kwamba yeye alilijua hilo tangu mwanzo. Kufikia jioni mtaa mzima utakuita Karani."

"Wangoje kwanza nipite."

"Mwambie mjomba wako hivyo. Mimi hanisikii."

Kijana alicheka kidogo kwa pua. Kisha akalishika shati lake kifuani, lile ambalo mama yake alilishona mahususi kwa siku hii, akalivuta mbele akalitazama juani kama mtu anayekagua noti.

"Mama, shati hili ni rangi gani?"

Fundi alikuwa na jibu tayari mdomoni, lile la miaka yote: linakupendeza. Akalimeza.

"Kijani."

"Kijani?" Alilitazama tena. "Mimi nilidhani kahawia."

"Najua."

"Na suruali?"

"Hiyo ndiyo kahawia."

Kijana alisimama barabarani, akajitazama kuanzia kifuani hadi miguuni, mtu mzima anayekutana na nguo zake. Mwendesha baiskeli aliwapigia kengele, wakasogea kando.

"Basi Jumatatu nitavaa jeupe," alisema. "Siku hiyo nataka kujua nimevaa nini."